Asali Iliyoanikwa Juani

Cheyo, Tabora
Jumapili alasiri, mwezi wa saba

Mwanangu Nyamizi,

Umekwenda kusukwa, na yule msusi wako nikimjua vizuri hutarudi upesi, kwa hiyo nimepata nafasi. Nimekaa uani, mgongo kwenye ukuta wa jiko, pale jua linapochelewa kuondoka. Baridi ya mwezi huu inaniingia magotini. Mbele yangu iko ndoo ya Mama Venansi, ile ya bluu yenye mfuniko uliopasuka ukingoni. Nimeitoa chini ya kitanda leo asubuhi ulipokuwa unaoga. Najua ukirudi utaiona na utataka kuuliza. Usiulize. Soma hii kesho ukiwa ndani ya gari, mkiupita mji.

Sitakuandikia habari za neti wala maji ya kuchemsha. Wewe ni mwalimu sasa, utawafundisha watoto wa wenzako mambo hayo. Nataka kukuandikia kuhusu wivu, kwa sababu ndio ninaoujua zaidi kwa sasa, na kwa sababu uliniharibia akili kwa miaka mingi nikiuita jina lingine.

Juzi ulikuwa unaongea na simu pale mlangoni. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikakusikia: "Ndiyo, mama. Hapana mama, usihangaike na godoro, nitakuja nalo. Haya, mama. Asante, mama." Nyamizi, ulisema mama mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilipoangalia ungo, nimetupa mchele na kubakiza chuya. Ukaja ukaniambia, "Mama, Mama Venansi anakusalimu sana." Nikajibu, "Haya." Haya tupu, kama ya kumjibu muuza maji.

Najua ametoa chumba chake kinachotazama uani ukae, bila kudai chochote. Najua shule uliyopangiwa iko karibu na kwake, na kwamba mwalimu mgeni kule Ulyankulu angeweza kuhangaika mwezi mzima akitafuta pa kulala. Ningekuwa mtu mzuri ningeshukuru. Nimejaribu tangu juzi. Shukrani inafika hapa kooni, inakaa.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Nyumba niliyozaliwa mimi ni nyumba ya watu wa mjini. Bibi yangu alikuwa akilisema hilo kila siku, hata anapofagia. "Sisi ni watu wa mjini. Sisi tuna asili." Nikimuuliza asili gani, anasema babu zetu walikuja na misafara kutoka Manyema, walikuja na biashara. Nilikua na hilo neno, biashara, nikamwona babu yangu mkubwa akiwa na kilemba na mwavuli. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba watu wengi waliokuja na misafara ile walikuja na mizigo kichwani, pembe za ndovu za watu wengine, na wengine walifika wamefungwa. Hakuna nyumba hata moja ya mtaa wetu inayosema babu yake alibeba. Wote walikuja na biashara.

Basi mtu wa namna hiyo akaolewa na baba yako, Mnyamwezi wa Usinge, mtoto wa porini, ambaye alijua kulina asali kabla hajajua kusoma. Alininunulia kanga, akanisubiri nje ya madrasa, na koti lake lilinuka moshi. Bibi yangu alisema, "Huyo mume atakuja na nyuki ndani." Nikaolewa hivyo hivyo. Nilimpenda. Lakini wanawake wa mtaani wakaanza kuniita mke wa mtu wa mizinga, na jina hilo lilinikaa kama unyoya kwenye nguo nyeusi.

Unamkumbuka Bi Hadija alivyokuwa wakati ule, bado ana nguvu zake. Yeye ndiye mwenye kikundi chetu cha kufa na kuzikana, yeye ndiye anayejua sufuria zipi ziende kwenye msiba gani, na neno lake kuhusu chakula lilikuwa halirudiwi. Akisema mchele wa fulani una harufu, mchele ule una harufu mpaka mwenyewe anaanza kuusikia. Siku moja, tena kwa sauti ndogo tu, akasema asali ya Ulyankulu, ya wale wakimbizi, ina sukari. "Angalieni ikipata baridi. Inaganda. Asali ya kweli haigandi. Wale wametoka kwao na njaa, wataacha kuchanganya?"

Alisema mara moja. Mimi ndiye niliyelisema sana.

Nililisema kisimani, nikalisema sokoni, nikamwambia hata mke wa mwalimu mkuu ambaye hakuuliza. Nimefikiri sana kwa nini. Bi Hadija hakuwa na haja ya kulirudia, alikuwa amekaa katikati ya mkeka. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni, karibu na viatu. Mtu wa ukingoni ndiye anayepiga kelele, maana yeye ndiye anayeweza kutolewa. Nilikuwa nimeolewa na mtu wa moshi. Ningenyamaza, wangeniona niko upande gani?

Na asali yetu wenyewe iliganda, Nyamizi. Wewe unajua kuliko mtu yeyote. Kila mwezi wa sita baridi ikianza, ile ya Usinge, ya mzinga wa baba yako mdogo, ilikuwa inageuka nyeupe na kushika kijiko. Ndipo nilipokuwa nakutuma: "Nyamizi, toa ndoo juani kabla wageni hawajaja." Ulikuwa mdogo, unaiburuta kwa mikono miwili, unachuchumaa pembeni kufukuza nyuki na kuku. Kisha unaniita kwa sauti ya kuimba, "Mamaa, imeyeyuka!" Naiingiza ndani, napokea wageni, namimina asali inayotiririka, na mdomo wangu huo huo unasema, "Yetu haigandi. Ya Ulyankulu ndiyo inaganda."

Utaniuliza, nilikuwa nadanganya? Nimejiuliza sana. Nakuapia sikuwa najiona nadanganya. Nilikuwa na mambo mawili kichwani, kila moja kwenye chumba chake, na sikuwahi kufungua mlango wa katikati. Ndoo ilikuwa kazi ya uani. Maneno yalikuwa ya sebuleni.

Baba yako alijaribu kunifungulia mlango ule. Siku moja alileta bakuli mbili, akaziweka mbele yangu zote zimeganda.

"Mke wangu, hii ya kushoto nimeitoa kwa mikono yangu kwenye mzinga wa mdogo wangu. Kwani mdogo wangu amefungua duka la sukari porini?"

Nikacheka. Naye akacheka. "Asali ni kama watu," akasema, "ikipata baridi inajikunyata. Inategemea nyuki wametembelea maua gani." Nikasema sawa, nimeelewa. Na kweli nilielewa. Kesho yake Bi Hadija alikuja kuchukua sufuria, nikakutuma utoe ndoo juani.

Sasa nikuambie jambo ambalo wewe hulijui, kwa sababu halikuonekana nje. Wakati ule Mama Venansi hakuwa muuza asali tu kwangu. Baba yako alikuwa akienda Ulyankulu kuchukua mzigo wa asali, anakaa huko siku nzima, wakati mwingine analala kwa mzee wa kanisa, na akirudi anarudi anacheka. Mtu huyu hapa nyumbani alikuwa mkimya kama mlango. Kule anacheka, anakuja na kicheko kilichobaki mdomoni. "Mama Venansi anasema nyuki wa mjini wanajifunza majivuno." "Mama Venansi amepika maharage na mawese, sijapata kuona." "Mama Venansi amenifundisha kusalimu kwao. Amahoro!" Anasema amahoro hapo uani, kuku wanakimbia.

Nilitafuta ubaya. Nilinusa koti lake, nikakagua mifuko, nikamuuliza dereva wa lile gari la mizigo maswali ya kuzunguka. Sikupata kitu, maana hapakuwa na kitu. Mumewe Mama Venansi alikuwa hai wakati ule, ndiye aliyekuwa akiinua mizinga na baba yako. Walikuwa watu watatu wanaopenda nyuki, wamekaa kwenye vigoda, wanaongea habari za nyuki. Nilikuwa naonea wivu maongezi. Angekuwa amepata mwanamke ningejua la kufanya. Maongezi unayafanyaje?

Hilo la sukari likanisaidia. Siwezi kumwambia mume wangu, "Usicheke kule." Lakini naweza kusema, "Wale wanachanganya." Wivu wangu ulikuwa uchi, Bi Hadija akanipa nguo ya kuuvisha, tena nguo ya sare, wanawake wote wa mtaa wameivaa. Ukiwa umevaa sare na wenzako hujioni unavyoonekana peke yako.

Nilikuwa na kitu kimoja cha kujifariji. Kila akirudi kutoka Ulyankulu, baba yako alikuwa akitia mkono mfukoni mwa koti, anatoa sega lililofungwa kwenye jani. Dogo, jeupe, sega jipya ambalo hata mtoto wa nyuki hajawahi kulala ndani yake. Anasema, "La mama Nyamizi." Halikuwa la kuuza. Nilikuwa nalila peke yangu jikoni, nta naibandika hapa ukutani. Ukiangalia vizuri nyuma ya mtungi, alama za nta bado zipo. Nilikuwa nasema moyoni, na acheke kule anavyotaka, sega analikata akinifikiria mimi.

Kisha akaugua, na unajua yaliyofuata, sina nguvu ya kuyapitia tena. Nataka nikukumbushe siku ya arobaini tu. Ulikuwepo, ulikuwa umeshika sinia. Lakini ulikuwa upande wako wa mlango, na mimi upande wangu.

Mama Venansi alifika asubuhi na ndoo hii. Alikuwa amebanwa kwenye gari tangu alfajiri, kitenge kimejaa vumbi. Akasema amemletea rafiki yake marehemu asali ya uji wa wageni. Bi Hadija akafunua, akaona imeganda, nyeupe kama mafuta ya ng'ombe. Akaniangalia.

"Ya nani hii?"

"Ya Mama Venansi, wa Ulyankulu."

"Iweke huko. Watu hapa ni wazee, tusije tukazika tena kesho."

Wanawake wakacheka. Na mimi nikaiweka huko, nyuma ya gunia la mkaa. Mama Venansi alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya jiko, mgongo kwenye ukuta huu huu niliouegemea sasa. Ukuta wa jiko letu unajua ulivyo. Mtu akikohoa ndani, wa nje anamwambia pole.

Mwenye kupika uji siku ile alikuwa Bi Chausiku. Yeye Mzaramo, mtani wa baba yako, na kazi za msibani kwa mtani anazichukua mwenyewe, huna ruhusa ya kumkataza. Asubuhi nzima alikuwa akiniharibia kilio. Alivaa koti la marehemu lenye matundu ya cheche, akavaa kofia yake ya chandarua, akaingia sebuleni anatembea kwa kuburuta mguu kama yeye.

"Hodi humu! Mbeba mizigo wenu nimerudi. Nimefika kule nikaulizwa, mzigo uko wapi? Nikasema nimeusahau Cheyo, ni ule mnene, mdogo wangu huyu."

Baba yako mdogo akasema, "Toka hapa, Mzaramo! Leo hakuna ngoma."

"Ngoma nimeiona, unayo tumboni. Niletee fimbo niipige!"

Nililia na kucheka mpaka mbavu zikauma. Kisha akaniinamia, kwa sauti ya baba yako kabisa, ile ya puani: "Mama Nyamizi, asali yangu umeificha wapi?" Nilidhani ni utani tu.

Uji ukaja, uji wa mtama wenye karanga, na asali juu. Bi Hadija akaonja, akafumba macho.

"Hii ndiyo asali. Hii imetoka Usinge. Unausikia mti wenyewe wa myombo."

"Unausikia kabisa," akasema mwingine.

"Kule kwa wenzetu wangeipata wapi?"

Nami nikasema, Nyamizi, nikasema kwa sauti ya mwenye nyumba, "Hiyo ni ya kwa shemeji yangu. Yetu haidanganyi." Nikaomba niongezewe.

Bi Chausiku alisubiri mpaka bakuli zikalambwa. Ndipo akaingia na ndoo ya bluu ameivaa kichwani kama kofia ya askari. "Mimi marehemu nina tangazo. Ya Usinge iliisha tangu kwenye bakuli la imamu. Hii mliyoifumbia macho imetoka nyuma ya gunia la mkaa. Mkinikatalia nawatapisha."

Nilisikia nzi. Nilidhani, basi, leo mambo yamekwisha, leo watu watacheka na kusema kumbe. Bi Hadija akaweka bakuli chini taratibu, akajipangusa mdomo.

"Ndiyo maana," akasema. "Tangu nilipoanza kunywa koo linaniwasha. Nimenyamaza kwa heshima ya msiba."

Mtu wa pili akasema na yeye. Wa tatu akakohoa. Kabla dua haijaanza, chumba kizima kilikuwa kinakohoa. Na mimi koo liliniwasha. Hapa ndipo nataka unisikilize. Sikuigiza. Koo langu liliwasha kweli, lilikwaruza, nikaenda kunywa maji kwenye mtungi. Asali ile ile niliyoiombea nyongeza. Nilipogeuka na kikombe mkononi wewe ulikuwa mlangoni na sinia lako, unaniangalia. Sura ile uliyoniangalia nayo naijua mpaka leo.

Ulifikiri mama yako ni mwoga na mwongo. Mwoga, nakubali. Lakini hilo la uongo ndilo linalonitisha, kwamba haukuwa uongo. Ningekuwa najua ninadanganya ningeweza kuacha. Watu unaowapenda na kuwahofia wanaweza kukuingia mpaka kwenye koo, wakakuonjea.

Na usimwone Bi Hadija kuwa mbaya. Mwanamke yule alilala sakafuni kwangu tangu siku ya kwanza ya msiba. Alinifulia nguo zangu za ndani. Usiku nilipokuwa naamka napiga kelele, alikuwa ananishika kichwa na kunisomea mpaka nilale. Ningemwambiaje kwamba anakosea kuhusu asali, mikono yake ikiwa kichwani mwangu? Mtu anayehofia nani atamzika hana nafasi ya kupima asali. Sisemi hivyo kujitetea. Nasema ili siku ukiona mtu mzima anashikilia jambo la kijinga, utazame kwanza ameshikwa na nani.

Mama Venansi alisimama mwenyewe. Akakung'uta kitenge, akaja mpaka nilipo, akanipa mkono wake mgumu ule.

"Mama Nyamizi, pole tena. Mungu akutie nguvu. Ngoja niwahi gari."

Nikamwambia, "Haya."

Haya ile ile ya juzi. Hata ndoo yake sikumrudishia. Wewe ukaweka sinia chini, mbele ya wageni wote, ukatoka kumsindikiza. Nilikutazama dirishani. Mlipofika kwenye kona ulimpokea mfuko wake. Nikajua nimeshapoteza kitu, sikujua ni kikubwa namna gani.

Ulianza kumpigia simu. Ulianza kuja na habari zake kama baba yako, na kicheko kile kile kimebaki mdomoni. Halafu siku moja tunakula ukasema, bila kujua unasema nini, "Mama, Mama Venansi anauliza kama bado unapenda sega jeupe. Anasema ndiye alikuwa anakukatia. Kila baba akifunga mzigo anamwambia, subiri, hii mpelekee mkeo. Anasema atakutumia."

Nikaondoka nikaenda chumbani. Ulidhani tumbo. Siku ile nilifiwa tena kidogo, mwanangu. Miaka yote ile nilikuwa nakula mkono wa yule mwanamke, nikiusifu kuwa ni wa mume wangu, na kinywa hicho hicho kikisema asali yake ina sukari. Nilimchukia kwa wema wake kuliko nilivyowahi kumchukia kwa ubaya niliomtungia. Angalau angeniachia sega.

Nimelifikiria tangu siku hiyo, na nimepata kitu kidogo cha kushika. Yeye alilikata. Lakini aliyelifunga kwenye jani, akalitia kwenye mfuko wa juu wa koti, akaja nalo njia yote ya vumbi bila kulilamba, ni baba yako. Mfuko ule mpaka leo unanata. Hicho ni changu. Koti sikupi, unisamehe. Ulitaka kulibeba, nikasema nitaangalia. Nimeangalia.

Sasa unakwenda. Kule shuleni mtakuwa na ofisi ya walimu, na walimu wengi watakuwa wametoka mijini kama wewe. Mtakaa kwenye viti vyenu, mtakunywa chai, na mtu atasema wazazi wa huku hawajali shule, au watoto wa hawa watu ni wagumu wa kichwa. Atasema kwa sauti ndogo, na wewe utakuwa mgeni, umekaa karibu na viatu. Utasikia haja ya kulirudia kwa sauti kubwa. Baadaye utaanza kuliona kweli darasani, kila mtoto akichelewa kujibu. Sikwambii uwapinge. Mimi sikuweza, na nilikuwa na ndoo uani. Nakwambia tu, koo likikuwasha, angalia nani amekaa karibu yako.

Na wao kwa Mama Venansi wana yao, usidhani. Baba yako aliniambia kwamba kule wanaamini watu wa mjini tunachemsha asali ili ijae, na kwamba wanawake wa Tabora tunashinda tumepaka hina mchana kutwa. Juma lililopita ulinijia na maneno ya namna hiyo, kwamba watu wa mjini hatujui kazi. Nilikuwa nimeinama kwenye jiko la mkaa, macho yamejaa moshi, nikakusikiliza. Umeanza kuyaamini kwa sababu wanakupenda. Hiyo ndiyo njia tamu ya kuamini jambo, haiwashi kabisa. Wale watu walikuja kwa miguu na mizigo kichwani, Mama Venansi akiwa mtoto amebeba kibuyu, baba yako aliniambia. Na babu zangu walikuja na mizigo kichwani. Mimi nimekaa miaka mingi nikiona aliyetangulia kufika ndiye mwenye koo safi. Usije ukajifunza kule kwamba ni aliyechelewa.

Jambo lenyewe la asali sijamwambia Bi Hadija mpaka leo. Amezeeka, mikono inamtetemeka, na ndiye atakayeninyooshea miguu nikifa kabla yake. Labda nitamwambia. Labda nitamwachia. Sijui, Nyamizi, na ningekuwa najua nisingekuwa naandika, ningekuwa nimekaa barazani nakusubiri.

Nimalizie na ndoo. Unajua kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nimeikalia mwaka mzima nikisema sijapata cha kutia. Ukweli ni kwamba sikutaka irudi, maana ikirudi imejaa, mimi na yule mwanamke tutakuwa tumeanza kitu, naye atairudisha imejaa, na mimi nitairudisha, na haitakuwa na mwisho. Leo nimeijaza. Chini kuna mchele, nimeuchambua mara mbili, safari hii nimetupa chuya. Katikati kuna karanga. Nimejaza mpaka mfuniko unakataa, na usidhani ni upendo. Nataka akifungua aone mama yako ni nani.

Juu kabisa kuna kopo la asali ya Usinge, iliyokuja wiki iliyopita kutoka kwa baba yako mdogo. Imeganda kama jiwe. Sikuitia chochote, sikuipasha. Mpe hivyo hivyo, usiseme neno. Yeye ni mtu wa nyuki, akifunua ataelewa.

Jua limesogea, limefika kwenye ndoo wakati naandika. Nimeinuka nikaisogeza kivulini.

Mwite mama, sitakukataza. Anastahili, na wewe utahitaji mtu wa kumwita ukirudi kutoka shuleni umechoka. Akikukatia sega jeupe, kula. Ila ile sauti uliyokuwa ukinipigia hapa uani, ukiwa umechuchumaa pembeni ya ndoo, "Mamaa, imeyeyuka!", ile usimpe mtu. Ile ni yangu. Nikumbuke kwa hiyo.

Mama yako,
Mwanaidi